Tovuti yako ya kwanza isimmalizie nyanya bando

IKIWA nyumbani mwako mna kijana wa sekondari au wa chuo, usishangae siku moja akikujia na kukuambia anataka kuunda tovuti yake mwenyewe. Wala hatataka tovuti ya maandishi matupu. Atataka vibonzo vinavyosonga, sauti, muziki na picha za kila rangi. Huenda kijana mwenyewe ni wewe unayesoma ukurasa huu. Vyovyote iwavyo, yasikie kwanza yaliyotupata nyumbani kwetu kabla hujaigusa tarakilishi.

Likizo ya Desemba binti yangu alikwenda kumtembelea nyanya yake karibu na Wundanyi, kule milima ya Taita. Jioni moja akairekodi kwenye rununu sauti ya nyanya akisimulia hadithi ambayo wengi wetu tuliisikia utotoni. Wanyama walichimba kisima wakati wa ukame, Sungura akakataa kuchimba, kisha akawa anakuja usiku kuiba maji. Mwishowe Kobe akajitolea kulala kisimani akiwa amepakwa ulimbo mgongoni. Sungura akamkanyaga akidhani ni jiwe, mguu ukanasa. Akampiga kwa mkono, mkono ukanasa. Akampiga kwa mkono wa pili, nao ukanasa.

Aliporudi Nairobi, binti alichora picha sita kwenye karatasi, akazipiga picha kwa simu yangu na kuzitia kwenye tovuti pamoja na sauti ya nyanya. Nyuma ya kichwa cha hadithi akaweka video ya maji yanayotiririka. Kwenye tarakilishi yetu ya sebuleni tovuti ilipendeza kweli, nasi tukamtumia nyanya anwani yake kwa fahari kubwa.

Siku ya pili mama akanipigia simu. "Mwanangu," akasema, "hiyo hadithi yangu imekula bando lote na hata huyo Sungura sijamwona."

Alikuwa amenunua megabaiti 50 za siku nzima.

Hapo ndipo nilipotambua kuwa anayeunda tovuti huwa anatumia pesa za mtu mwingine. Wewe hukaa kwenye Wi-Fi ya shule au ya nyumbani, ilhali kila kitu unachokiweka kwenye ukurasa hulipiwa upya na kila anayeufungua. Binti yangu hakuwa amelijua hilo. Mimi nami, niliyemtazama akiunda, nilikuwa nimelisahau, ingawa watu wa rika langu hatuna kisingizio. Tulipoanza kutumia intaneti miaka ya tisini, modemu ya simu ilipitisha biti 28,800 kwa sekunde. Ukurasa wa kilobaiti 100 ulichukua karibu nusu dakika kufika, huku dakika za simu zikihesabiwa. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, TEAMS na kisha SEACOM, tulijiona tumevuka. Kasi ikaongezeka mijini, nasi tukaanza kujaza kurasa zetu kama mtu aliyepata gari kubwa na kudhani petroli ni ya bure.

Uzito ulikotoka

Tuliketi na kupima kila faili. Sauti ndiyo iliyotushangaza. Rafiki mmoja alikuwa amemshauri binti aihifadhi kama faili ya WAV kwa kuwa ndiyo yenye sauti safi. Hilo ni kweli, lakini tazama hesabu yake. Katika WAV ya kawaida ya muziki, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo huchukua baiti 2, na yote hufanywa mara mbili, kwa spika ya kulia na ya kushoto. Hizo ni baiti 176,400 kwa sekunde moja. Hadithi ya nyanya ni ya dakika nne. Zidisha, utapata zaidi ya baiti milioni 42.

Sasa nyanya ana kinywa kimoja, na simu yake ina spika moja. Kulia na kushoto ni vya nini? Tulichukua Audacity, programu ya bure ya kushughulikia sauti, tukaifanya sauti iwe ya upande mmoja na kuihifadhi kama MP3 ya kilobiti 32 kwa sekunde. Faili ikawa kilobaiti 960, yaani chini ya megabaiti moja. Tukazisikiliza zote mbili tukiwa tumefumba macho. Tofauti tuliyoisikia ilikuwa ya jogoo aliyewika kwa mbali. Katika faili mpya amekohoa kidogo. Kwa muziki wa okestra ningeshauri kilobiti nyingi zaidi, lakini sauti ya mtu anayesimulia haihitaji zaidi ya hapo.

Picha nazo zilikuwa na hadithi yao. Simu yangu hupiga picha yenye pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani vitone milioni 12, na kila moja ilikuwa na megabaiti 3 hivi. Simu ya bei nafuu kama ya nyanya ina upana wa pikseli 720 tu. Picha ikifika hapo, simu huifinyanga itoshe na vitone vilivyozidi hutupwa. Bando lake limeshalipiwa hata hivyo. Picha sita zikawa megabaiti 18, na ile video ya maji, ambayo haikuwa na kazi yoyote katika hadithi, megabaiti 12. Jumla ilikuwa megabaiti 72. Bando la 50 lingefika wapi?

Ikiwa picha zako ni za kamera, zipunguze upana hadi pikseli 1,000 hivi, kisha zihifadhi katika muundo wa WebP, ambao Google iliutoa mwaka 2010 na sasa hufunguka kwenye vivinjari vyote vikubwa, yaani programu za kufungulia tovuti kama Chrome, Firefox na Safari. Squoosh ni zana ya bure inayokuonyesha picha ya zamani na mpya kando kwa kando, pamoja na uzito wa kila moja. Vuta kile kidude cha ubora kikishuka mpaka uone dosari, kisha kirudishe nyuma kidogo. Aghalabu megabaiti 3 huwa kilobaiti mia moja au chini ya hapo.

Lakini kwa michoro kuna njia iliyo bora kuliko hiyo. Muundo uitwao SVG, ulioidhinishwa mwaka 2001 na W3C, shirika linaloweka kanuni za tovuti, hauhifadhi vitone. Huhifadhi maagizo: hapa chora duara, pale pitisha mstari, hapa paka kahawia. Ni kama kumtumia mtu namna ya kupika badala ya kumtumia sufuria ya chakula. Binti alizichora upya picha zake kwa programu ya bure ya Inkscape. Zote sita zikawa na jumla ya kilobaiti 74. Isitoshe, SVG haiingii ukungu hata ukiikuza ijaze ukuta, na kila kiungo cha mwili wa Sungura kinaweza kupewa jina lake: sikio, mkono, mguu, mkia. Shika hilo la majina, maana tutalirudia.

Kusogeza bila kubeba

Swali ambalo kila mwanafunzi huuliza ni hili: nitafanyaje picha isonge? Jibu la haraka ni GIF, muundo ulioanzishwa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987. Waliokuwa mtandaoni miaka ya tisini wanakumbuka mioto iliyowaka usiku kucha na bahasha zilizojikunja zenyewe. GIF hufanya kazi kama kile kijitabu cha watoto ambacho kila ukurasa una mchoro uliotofautiana kidogo na uliotangulia. Tatizo lake ni kuwa lazima utume kijitabu kizima. Mwendo wa sekunde 4, ukiwa na picha 24 kwa sekunde kama za sinema, ni picha 96. Tena GIF haina zaidi ya rangi 256 katika kila picha.

Njia nyingine ni kukiachia kivinjari kazi ya kuchora. Kuielewa, fikiria studio ya Walt Disney ilipokuwa ikitengeneza filamu ya Snow White, iliyotoka mwaka 1937. Wachoraji wakuu hawakuchora kila picha. Walichora zile muhimu tu, mahali mwendo unapoanza na unapoishia, na vijana wasaidizi wakachora za katikati. Leo msaidizi huyo ni simu ya msomaji wako. Kwa lugha ya CSS, ile inayotumika kupamba kurasa, unaandika kwamba mkono wa Sungura mwanzoni uko nyuzi sifuri na baada ya nusu sekunde uko nyuzi 40. Kivinjari hujaza yaliyo katikati, mara 60 kwa sekunde kwenye simu nyingi. Maagizo ya hadithi yetu yote hayakufika kilobaiti 2.

Hapa pana mtego mmoja. Kusogeza kitu kwa kubadilisha upana wake au umbali wake kutoka ukingoni ni sawa na kuhamisha kabati sebuleni: lazima viti, meza na zulia vyote visogezwe upya, na hilo lifanyike kila baada ya milisekunde 16 hivi. Simu ndogo itakwama na betri itaisha. Tumia amri mbili tu, ile ya "transform" inayosogeza, kuzungusha na kukuza, na ile ya "opacity" inayofifisha na kudhihirisha. Hizi mbili kivinjari huzitekeleza bila kuupanga upya ukurasa wote, aghalabu kwa kukitumia kile kichakato cha simu kinachoshughulikia michoro.

Kuhusu uhai wa mwendo wenyewe, wachoraji wa Disney walikuwa na siri wanazozifunza wanafunzi mpaka leo. Kabla mtu hajaruka, huchutama kwanza. Mpira ukidunda chini hubonyea. Mkono wa Sungura wetu ulisogea mara ya kwanza kama mshale wa saa, nasi hatukucheka. Binti aliporudisha mkono huo nyuma nyuzi 10 kabla ya pigo, na kuufanya utetemeke kidogo baada ya kunasa, ndugu yake mdogo aliangua kicheko. Uzito uliongezeka kwa mistari mitatu ya maandishi.

Usidanganyike ukaanza kwa programu kubwa ya kununua itakayokutengenezea kila kitu kwa muundo wake wa siri. Kwa zaidi ya muongo mmoja vibonzo vya mtandaoni vilitengenezwa kwa Flash. Kivinjari hakikuweza kuvifungua chenyewe, kilihitaji programu nyingine ya kusaidia, na iPhone haikuikubali kamwe. Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na michezo na masomo mengi ya watoto yakazimika. HTML, CSS na SVG hazina mwenyewe anayeweza kuzifunga duka.

Matatu ya abiria 14

Kupunguza uzito ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mpangilio wa kufika. Seva, yaani tarakilishi inayohifadhi tovuti yako, haimmwagii msomaji faili nzima kwa mkupuo mmoja. Kwa kawaida huanza na pakiti 10, karibu kilobaiti 14, kisha hungoja jibu kwamba zimefika salama ndipo iongeze mzigo. Mimi huifikiria kama matatu ya abiria 14. Safari ya kwanza hubeba hao tu, na kwenye mtandao dhaifu wa bondeni safari hiyo si fupi. Basi ni nani unayetaka awe ndani ya matatu ya kwanza? Kwetu ilikuwa kichwa cha hadithi, aya zake za mwanzo na mapambo ya lazima. Maandishi ni mepesi ajabu, na seva huyabana zaidi kabla ya kuyatuma. Nyanya huanza kusoma papo hapo huku Sungura akiwa bado njiani.

Mtafiti Jakob Nielsen aliandika mwaka 1993 kuhusu mipaka mitatu ya subira. Jambo likijibu ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huona limetokea mara moja. Hadi sekunde moja, mawazo yake hayakatiki. Zikipita sekunde 10, akili yake imeshaondoka. Hivyo hakikisha ndani ya sekunde mbili tatu kuna kitu cha kutazama, hata kama si kila kitu.

Picha za chini ya ukurasa zipe agizo la "loading" lenye thamani ya "lazy", na kivinjari hakitazileta mpaka msomaji akaribie kuzifikia. Kila picha iandikie upana na urefu wake mapema, ili nafasi yake itengwe. Usipofanya hivyo, picha itatua ghafla na kuyasukuma maandishi chini, na mtu aliyetaka kubonyeza hapa atajikuta amebonyeza pale. Sauti nayo ipe agizo la "preload" lenye thamani ya "none", ili isipakuliwe hadi kitufe kibonyezwe. Katika tovuti yetu ya zamani zile megabaiti 42 zilikuwa zikija hata kwa mtu ambaye hakutaka kusikiliza.

Suala la kitufe ni la adabu pia. Usiifanye sauti ianze yenyewe. Msomaji huenda yuko darasani, ndani ya matatu, au kando ya mtoto aliyelala. Tangu mwaka 2018 Chrome yenyewe huzuia sauti nyingi zinazojianzisha, kwa hiyo utakuwa unajisumbua bure.

Ninyi wazazi, kuna jambo moja la afya ambalo vijana hawalijui. Tarehe 16 Desemba 1997, nchini Japani, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitalini baada ya kutazama kipindi kimoja cha Pokémon ambapo rangi nyekundu na buluu zilimetameta kwa kasi, mara 12 hivi kwa sekunde. Mwanga wa namna hiyo unaweza kumletea kifafa mtu aliye na wepesi wa kukipata. Kanuni za kimataifa za tovuti zinataka kitu kisimetemete zaidi ya mara tatu katika sekunde moja, na mwendo unaojianzisha na kupita sekunde tano uwe na kitufe cha kuusimamisha. Simu nyingi pia zina mpangilio wa kupunguza mwendo, na mistari michache ya CSS huitambua simu hiyo na kumtuliza Sungura.

Binti alitaka pia kuweka wimbo mmoja unaovuma. Nikamkatalia, maana Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mwenye wimbo, na kibali hatukuwa nacho. Akarekodi makofi yake mwenyewe na kijiko kwenye sufuria. Jina lake kamili, shule na picha yake ya uso pia havimo kwenye tovuti, nami ningekushauri ufanye vivyo hivyo kwa mwanao.

Kabla ya kumtumia mtu anwani, jaribu tovuti kwa macho ya maskini. Kwenye tarakilishi fungua Chrome, bonyeza F12, nenda sehemu ya "Network". Utaona kila faili na uzito wake, na hapo hapo unaweza kuagiza kivinjari kijifanye kiko kwenye mtandao wa polepole. Kisha zima Wi-Fi, azima simu kuukuu kuliko zote mtaani na uifungue tovuti kwa data yako mwenyewe. Ukiona uchungu, punguza. Mahali pa kuihifadhi pasikupe taabu: GitHub Pages huhifadhi tovuti ndogo bila malipo, mradi isizidi gigabaiti 1.

Tovuti yetu mpya, pamoja na sauti, ilikuwa na kilobaiti 1,040 hivi, kutoka megabaiti 72. Tulimtumia nyanya anwani Jumamosi asubuhi, na safari hii tulimtumia na bando. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amepiga simu. Hadithi ameisikiliza mara tatu, jirani zake wawili wameisikiliza pia, na bando bado lipo. Ila kuna kosa.

"Sungura akinaswa hulaza masikio," akasema. "Huyu wenu ameyasimamisha kama anayekwenda harusini."

Binti akafungua faili ya picha ya nne, akalitafuta lile jina la sikio, na kubadilisha nyuzi 5 kuwa nyuzi 70.